Mchirizi, chupa au safari ya Isimila: ipi imweleze mtoto mmomonyoko wa udongo na miamba?

Mwalimu wa watoto wadogo huku Nyanda za Juu Kusini hahangaiki kutafuta mmomonyoko wa kuonyesha. Upo uani, upo kwenye njia ya kuteremkia mtoni, upo kwenye kila barabara ya vumbi iliyochimbika kwa mvua kuanzia Ilemi ya Mbeya hadi Kihesa ya Iringa. Kazi iko kwenye kuchagua pa kuanzia. Wapo wanaoamini kuwa bila kuwapakia watoto kwenye basi hadi Isimila, lile korongo la nguzo za udongo karibu na Iringa, somo halijawa somo. Wapo wanaokata chupa za maji wakazipanga dirishani. Wapo wanaowasha video kwenye simu huku watoto arobaini wakigombania kuichungulia. Na wapo wanaoandika ubaoni “mmomonyoko ni kitendo cha…”, watoto wakanakili, kengele ikalia.

Hiyo ya mwisho siiweki hata kwenye mizani. Zilizobaki nazilinganisha hapa kwa ajili ya walimu wa awali na wa madarasa ya chini, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto wao jioni. Kila moja ina mahali inapofaa na mahali inapokwama.

Kipimo changu ni swali moja: mtoto anakiona kitendo, au anaona matokeo peke yake? Maji yanapobeba udongo mbele ya macho yake, hicho ni kitendo. Korongo ni matokeo. Sisi watu wazima tukilitazama korongo, akili inajaza yenyewe mvua za miaka yote iliyopita. Mtoto wa miaka mitano hana cha kujazia. Kwake korongo lipo kwa kuwa lipo. Ukimuuliza nani kalichimba atakwambia katapila, au Mungu, au babu alipokuwa kijana. Ni mtoto wa miaka tisa au kumi ndiye anayeweza kusimama mbele ya matokeo akarudi nyuma mpaka kwenye kitendo.

Kuna la pili la kujua kabla ya kuchagua. Udongo na mwamba si somo moja. Udongo unaondoka kwa mvua moja ya alasiri, mtoto akiwa amekaa barazani anatazama. Mwamba hauondoki mbele ya macho ya mtu. Kwa hiyo unachagua mara mbili, njia ya udongo na njia ya mwamba, na anayetafuta njia moja ya kubeba yote mawili huishia kumwambia mtoto “we amini tu”.

Udongo: mchirizi au chupa?

Madarasa mengi ya huku yameezekwa bati na hayana gata. Maji ya paa yanadondoka kando ya ukuta kwenye mstari uleule, mvua baada ya mvua, na chini yake ardhi inachimbika mchirizi. Hapo ndipo ilipo maabara yako, na hujalipia hata shilingi.

Anza na ukuta. Chini ya ukuta uliopakwa chokaa kuna mkanda wa udongo, mwekundu ukiwa Iringa, mweusi au wa kahawia ukiwa Tukuyu, unaofika magotini kwa mtoto. Waulize udongo umepandaje ukutani. Watasema ni viatu, ni mikono ya watoto wachafu, ni mbuzi. Usiwape jibu. Siku mvua ikinyesha, egesha kipande cha boksi jeupe karibu na mchirizi, kisha mkitazame mkiwa barazani. Baada ya dakika chache kitakuwa kimejaa madoa. Tone limeanguka, limepiga udongo, udongo umeruka.

Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na chembe linazozirusha zinaweza kupanda hadi nusu mita. Mtoto hana haja na tarakimu hizo, lakini mwalimu azijue, maana wengi wetu tulifundishwa kwamba mmomonyoko huanza maji yanapotiririka. Huanza mapema kuliko hapo, pale tone linapoigonga ardhi tupu. Ndiyo maana majani makavu yaliyotandazwa shambani yanasaidia hata kabla ya kupunguza kasi ya maji: yanapokea kipigo ambacho udongo ungekipokea.

Mvua ikikatika, watoke, wachuchumae. Kwenye ardhi tupu iliyopigwa na mvua kubwa utakuta kokoto, kizibo cha soda au kipande cha mkaa kimekaa juu ya kinguzo cha udongo, pengine kisichofika sentimita mbili. Udongo wa pembeni umekwenda, wa chini ya kokoto umebaki kwa kuwa ulikuwa umefunikwa. Mwache mtoto ainyanyue kokoto mwenyewe na akiguse kile kinguzo kwa kidole. Kitabomoka, na atatafuta kingine, na kingine tena. Usimkataze. Akimaliza kuvibomoa vyote atakuwa anajua kwa kidole chake kwamba kilichofunikwa hubaki na kisichofunikwa huchukuliwa.

Kasoro ya mchirizi ni kwamba unasubiri mvua. Huku tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na mvua nyingi hupiga alasiri wakati watoto wa awali wameshaenda nyumbani. Tena radi za nyanda za juu hazina mzaha. Ngurumo zikisikika hatoki mtoto barazani, hata kama boksi limepeperushwa hadi getini.

Chupa zinashinda pale mchirizi unaposhindwa, yaani Julai, kiangazi, vumbi tupu. Chukua tatu za maji za lita moja na nusu. Zilaze, kata dirisha upande wa juu, jaza udongo uleule karibu hadi usawa wa mdomo. Ya kwanza iache wazi. Ya pili itandaze majani makavu. Ya tatu iwe na nyasi. Ziinamishe kidogo, midomo ikielekea chini, na kila mdomo uwekewe glasi ya kukinga. Kisha mwaga maji ya kipimo kimoja kwa kopo ulilolitoboa matundu kwa msumari. Chupa iliyo wazi itatoa maji mazito ya tope, ya majani makavu itatoa mepesi zaidi, na ya nyasi itachelewa kutoa na yatakaribia kuwa safi.

Yatakaribia kuwa safi kama umeitengeneza vizuri, na hapa ndipo chupa nyingi huwaumbua walimu. Njia ya haraka ni kukata kibonge cha nyasi uwanjani na kukitumbukiza ndani. Kikiwa kidogo kuliko chupa, maji hupita kwenye mwanya ulio kati ya mizizi na plastiki, yakabeba udongo wote wa pembeni, na glasi ya nyasi ikawa chafu kuliko zote. Watoto watasema walichokiona, kwamba nyasi zinaharibu udongo, na huna pa kuwapingia. Afadhali upande mbegu za ulezi au ngano humohumo kwenye chupa wiki mbili kabla, mizizi isambae mpaka iguse plastiki kila upande. Usipokuwa na subira hiyo, ushindilie udongo kuzunguka kibonge mpaka mwanya uzibe kabisa.

Na uangalie mkono unaomwaga. Mtoto akipewa kopo la lita nzima anafanya gharika, chupa zote tatu zinatoa tope na hakuna cha kulinganisha. Kile kikombe kidogo cha kupimia dawa ya kikohozi kinafaa zaidi: anamwaga kidogo, kwa zamu, huku wenzake wakimhesabia.

Faida kubwa ya chupa iko kwenye zile glasi, ambazo watu wengi huzimwaga kipindi kikiisha. Ziache mezani hadi kesho yake. Mchanga unazama mapema sana, mbele yao. Tope laini hulala juu yake usiku. Juu kabisa hubaki maji yenye ukungu ambayo pengine yasitakate hata siku ya pili. Waambie wachore mistari walivyoiona. Hapo wamepata jambo ambalo mchirizi hauwapi: udongo uliobebwa haupotei, unakwenda kutua mahali. Kuvunjika, kubebwa, kutua. Maneno hayo matatu yanamtosha mtoto mpaka atakapofika madarasa ya juu, na mimi singemwongezea la nne.

Niseme kidogo kuhusu huko kutua, kwa sababu njia hizi zote zina ugonjwa mmoja: zinaifanya mvua ionekane adui, na kila chembe inayoondoka ionekane hasara. Mtoto wa Mbeya anakula wali wa Kyela. Tambarare ile inayolimwa mpunga ni udongo ulioshushwa na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe kutoka milima ya Rungwe na majirani zake, ukatua kabla ya kufika Ziwa Nyasa. Bila mmomonyoko wali huo haupo. Tatizo letu ni kasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, husema kwamba sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujengeka, na shamba lililolimwa kufuata mteremko badala ya kuukata linaweza kuzipoteza kwa misimu michache. Mweleze mtoto hayo mawili pamoja: mlima unashuka polepole na unatulisha, shamba la babu likishuka haraka tunalala njaa. Atayabeba. Ukimpa nusu tu, siku akifika Kyela atashangaa kwa nini watu wamejenga maisha yao juu ya kitu alichoambiwa ni maafa.

Nani achukue ipi, basi? Kwa mtoto chini ya miaka saba nachagua mchirizi bila kusita. Chupa zinamtaka alinganishe vitu vitatu na akumbuke kwamba udongo ni uleule na maji ni yaleyale, nayo ni mizigo miwili mizito kwa wa awali, ambaye macho yake yatabaki kwenye raha ya kumwaga maji. Wa darasa la pili na la tatu wanaiweza, na wanaipenda kwa sababu ina mshindi.

Darasa likiwa na watoto themanini, chupa tatu mezani ni tamthilia ya mstari wa mbele. Walio nyuma wanaona migongo. Hapo kuna njia ya tatu ambayo haihitaji kifaa, nayo ni mchezo. Watoto kadhaa wanakuwa udongo, wanachuchumaa mtelemkoni pa uwanja. Wengine wanakuwa mvua na wanapita katikati yao wakikimbia taratibu, wakimgusa mtu begani wanaondoka naye. Raundi ya pili unaingiza mizizi: watoto wanaosimama imara na kushikana mikono na udongo, na aliyeshikwa haondoki. Kelele zake ni kubwa na mwalimu wa jirani atachungulia, lakini watoto wote themanini wamekuwa ndani ya somo. Udhaifu wake ni kwamba mtoto hajaona udongo halisi ukiondoka. Utumie kama nyongeza ya mchirizi, usiufanye somo zima.

Mwamba: kitu cha mkononi kwanza

Vitabu vingi vinakuelekeza kwenye sukari. Unatia vipande vya sukari guru kwenye kopo, mtoto anatikisa, kona zinavunjika, vipande vinakuwa vya mviringo kama kokoto za mtoni. Inaonekana vizuri na inafurahisha. Mimi siipendi, na si kwa sababu vipande vinaliwa kabla ya kutikiswa. Mtoto anajua sukari inayeyuka kwenye chai, kwa hiyo anaondoka akiamini jiwe nalo linayeyuka mvua ikinyesha.

Huku kwetu tuna kitu bora kuliko sukari, na kipo bafuni: jiwe la kusugulia miguu. Volkano za Mbeya na Rungwe zilitapika mawe mepesi yenye vitundu, mengine yanaelea ukiyaweka kwenye beseni. Lete vipande viwili vya jiwe hilo na vipande viwili vya jabali la Iringa, yale magumu yenye chembe zinazometameta. Tandika karatasi nyeusi, au hata sare kuukuu ya rangi ya bluu. Mtoto asugue jiwe jepesi kwa jepesi akihesabu hadi ishirini. Unga utadondoka, mwingi, wa kijivu au mweupe. Kisha asugue jabali kwa jabali, ahesabu ishirini, atapata vumbi kiduchu, pengine vichembe viwili vitatu na mkono uliochoka. Mwambie unga huo ndio mwanzo wa udongo. Akiusugua kati ya vidole, akauchanganya na tone la maji, hutalazimika kumwomba aamini.

Halafu muulize jiwe la mama bafuni lilikuwa kubwa kiasi gani lilipoletwa. Wengi wanakumbuka, au mama anakumbuka kwa niaba yao. Limepungua, na hakuna aliyeliona likipungua. Katika njia zote ninazozijua, ni hapo tu mtoto wa miaka sita anapoukaribia muda wa miamba bila kutajiwa mamilioni ya miaka, hesabu ambayo kwake haina tofauti na “zamani sana” ya hadithi.

Majaribio mengine mawili yanafaa wakubwa kidogo. La kwanza ni siki na ganda la yai. Ganda limejengwa kwa kitu kilekile kilicho kwenye mawe ya chokaa, likitiwa kwenye siki linatoa povu na baada ya siku moja au mbili limelainika. Linaonyesha jinsi maji yenye ukali yanavyokula chokaa, na mvua yenyewe ina ukali kidogo kwa sababu hubeba hewa ya ukaa kutoka angani. Wengi huambiwa watumie chaki. Angalia: chaki nyingi za madukani hutengenezwa kwa jasi, nayo haitoi povu kwenye siki, utabaki umeinamia glasi na darasa linakutazama. La pili ni chupa ya plastiki iliyojazwa maji mpaka pomoni, ikafungwa, ikalazwa kwenye friza. Asubuhi imevimba, pengine imepasuka. Watoto wa Makete na Njombe, wanaoamka Juni wakakuta sakitu imekausha viazi, hawahitaji friza ili waamini kwamba maji yanaweza kuganda huku kwetu, wanahitaji tu kuambiwa yakiganda ndani ya ufa wa jiwe yanasukuma.

Safari: Isimila, Kiwira, au jabali la karibu

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini ukifuata barabara kuu ya Mbeya. Nguzo za udongo na mchanga zimesimama ndani ya korongo, ndefu kupita nyumba, kwa sababu vilivyozizunguka vilikuwa laini zaidi na maji yamevichukua. Zana za mawe za watu wa kale ziligunduliwa pale mwaka 1951 na wataalamu wakachimba mwaka 1957 na 1958. Umri wake unakadiriwa kupita miaka 200,000. Mwalimu wa historia huishia hapo. Mwalimu wa mazingira ana swali zuri zaidi la kuuliza: zana zilizozikwa miaka yote hiyo zimefikaje juu ya ardhi, mahali ambapo mpita njia angeziokota? Maji yalizifunika kwa mashapo ya ziwa la kale, na maji hayohayo ndiyo yaliyozifukua. Mtoto aliyeona mistari ndani ya glasi ya chupa atazitazama kuta za korongo zenye matabaka na kusema mwenyewe. Ambaye hajaiona atapiga picha na nguzo na kuuliza chakula kinaliwa saa ngapi.

Kwa hiyo Isimila ni nzuri, tena nzuri sana, kwa darasa la nne na kuendelea, na baada ya chupa. Kwa mtoto wa awali ni matokeo matupu, makubwa mno kwake. Shule ikiwa Mbeya kuna pia suala la barabara: zaidi ya kilomita 300 kwenda, na kurudi vilevile. Sioni sababu ya kumbebesha mzazi nauli hiyo kwa ajili ya mtoto wa miaka sita.

Wa Mbeya wana Kiwira. Daraja la Mungu, lile jiwe la asili linalovuka mto, na Kijungu, pale mto unapojitumbukiza kwenye shimo la mwamba na kuzunguka, yote yako Rungwe upande wa barabara ya Tukuyu. Kwa somo la mwamba naipa Kiwira alama zaidi ya Isimila, kwa sababu kitendo bado kinaendelea mbele ya watoto: maji yananguruma, mawe yanazungushwa, na ukingo wa jiwe umelainishwa hadi unateleza. Huko kuteleza ndiko kunakonitia hofu. Maji ya Kijungu hayamrudishi mtu, na darasa la watoto wadogo haliwezi kulindwa pale na walimu wawili. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne, nje ya msimu wa mvua, la sivyo msiende.

Wa Iringa mjini wana Gangilonga, jabali ambalo wengi wamelisikia kwenye habari za Mkwawa. Huhitaji basi la kukodi. Majabali ya aina hii hubambuka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, jua likiyapasha mchana na baridi ya usiku ikiyakaza, mwaka hadi mwaka. Tafuteni kipande kilichobambuka, tafuteni mzizi ulioingia kwenye ufa, tafuteni udongo kidogo uliokusanyika kwenye kibonde cha jiwe na nyasi iliyoota humo. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuvipata vyote vitatu kabla ya saa nne asubuhi na kurudi kunywa uji. Kama ningelazimika kuchagua safari moja kwa wadogo, ni hii, au jabali lolote la kijijini kwenu ambalo halina jina.

Video naizungumzia kwa ufupi. Ina sifa moja ambayo hakuna njia nyingine inayo: inaharakisha muda. Mto unaokula ukingo mwaka mzima unaonekana kwa nusu dakika. Lakini zilizo nyingi zinaonyesha makorongo ya Marekani au fukwe za Uingereza, na mtoto anahitimisha kwamba mmomonyoko ni jambo la huko. Ukiwa na simu, piga picha ya mfereji mmoja wa jirani na shule kila Ijumaa, ukisimama palepale, msimu mzima wa mvua. Zikichezwa kwa mfululizo zitawagusa kuliko filamu yoyote ya kununua, kwa kuwa mti ulio pembeni ni mti wanaoukwea.

Pale mtoto anapoogopa

Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba Itezi, jijini Mbeya. Watoto wengi wa jiji wanalijua tukio hilo, wengine wana ndugu walioguswa. Ukianza kueleza udongo unaobebwa na maji, kuna mkono utakaonyooshwa nyuma ya darasa: “Madamu, na mlima wetu utashuka?”

Usiseme hapana, huna uhakika huo. Tenganisha vitu viwili kwa maneno mepesi. Mmomonyoko wa mchirizi ni chembe kwa chembe. Maporomoko ni kipande kizima cha mteremko kilicholoa mno kikateleza kwa pamoja. Yanatokea mara chache, na watu wazima wana kazi ya kuangalia dalili: nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyojitokeza ghafla, mlango wa nyumba usiofunga kama zamani. Mtoto akiona mojawapo, kazi yake ni kumwambia mkubwa. Kwa darasa lenye watoto waliopoteza nyumba, ningeacha kabisa chupa na ule mchezo wa mvua na udongo, nikaanza na jiwe la kusugulia miguu.

Ipi lini

Kalenda ya mvua inaamua zaidi ya mtaala. Januari hadi Machi ni mchirizi na vinguzo vya kokoto, kwa wote. Jiwe la kusugulia miguu halina msimu, ila Juni linafaa kwa kuwa baridi inawafungia watoto ndani. Chupa zipandwe ulezi Julai, shule zikishafunguliwa. Isimila na Kiwira ziwe Agosti na Septemba, makorongo yakiwa makavu na mto umepungua.

Novemba iwekee nafasi ya pekee. Mashamba yako wazi, mengine yamechomwa, mahindi hayajaota, na maji ya mvua za kwanza yanapita mifereji yakiwa na tope kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Jaza chupa moja safi kwenye mfereji ulio karibu na shule, ifunge, iandike tarehe na mahali, iweke juu ya kabati. Mwishoni mwa Februari, mahindi yakiwa yamefunika ardhi, jaza nyingine palepale baada ya mvua ya ukubwa kama ule, iache itulie, kisha uziweke sambamba na kuwauliza watoto kwa nini tope la chini halilingani.